Kasri la Karatasi la Bun-hiong

Siok-khim alikuwa akiwadharau watu kwa zamu. Asubuhi aliwadharau wateja wa Bwana Gan, mchana akawadharau majirani, na jioni akishakula akawageukia kaka zake, ambao aliwawekea dharau nzito, ile iliyogandia chini ya sufuria.

Kazi yake ilimruhusu. Alikaa kwenye kigoda sebuleni, katika nyumba ya marehemu mama yake pale Madou, kusini mwa Taiwan, akikunja pesa za wafu. Unachukua karatasi kavukavu yenye mraba wa rangi ya fedha katikati, unaikunja huku, unaibana kule, unaipulizia pumzi kidogo, inakuwa kijimtumbwi kinachong'aa. Kikichomwa moto, moshi wake unafika kuzimu ukiwa fedha tupu. Ndivyo watu walivyoamini, na Siok-khim naye aliamini, ila hakuona kwa nini imani imzuie mtu kucheka. Vijimtumbwi alimpelekea Bwana Gan, mwenye duka la vifaa vya matanga sokoni, ambaye alimlipa kwa gunia. Mikono ilikunja yenyewe bila kusimamiwa, mdomo ukabaki huru.

"Mwangalie yule," alimwambia Bwana Gan siku moja, akimwonyesha kwa kidevu mteja aliyekuwa akisukuma vifurushi ndani ya gari mpaka milango ikagoma kufunga. "Mama yake alikaa miaka akiomba miwani. Sasa anapelekewa gari zima la pesa. Kuzimu kuna duka la miwani?"

"Punguza sauti, dada. Huyo ni mteja."

"Kwani nimemtukana? Watoto wangekuwa na adabu, wewe ungekuwa unauza mchicha."

Bwana Gan hakubisha, maana hesabu ya duka lake ilisema hivyohivyo. Waliowapikia mama zao uji walikuja kwa miguu, wakanunua kifurushi kimoja, wakaondoka. Waliowasahau walikuja na gari, wakauliza kama kuna kikubwa zaidi ya hicho.

Siok-khim hakuwa malaika, tusije tukampamba hapa. Alikuwa na ulimi wa kukatia mabati. Lakini ulimi huo ulinolewa mahali. Alipokuwa msichana alitolewa shule ili kaka yake mkubwa, Bun-hiong, apelekwe chuo kikuu. Bun-hiong alikaa chuoni mpaka majengo yakamzoea, akatoka na tai. Siok-khim akaozwa kwa fundi wa viyoyozi, mwanamume mchapakazi, ambaye ilikuja kugundulika kwamba kuna vyumba vya wanawake alivyokuwa akivipoza bila kutoza hata senti. Akarudi kwao na begi moja. Mama yake alikuwa jikoni. Aliangalia begi, akamwangalia binti, akasema, "Nawa mikono. Uji unapoa."

Hakuuliza kitu kingine, siku hiyo wala siku nyingine.

Kwa mila zao binti aliyeachika ni kama barua iliyorudishwa: aliyeiandika haitaki na aliyeandikiwa haitaki. Mezani pa mizimu ya ukoo hana nafasi hata akifa. Na nyumba yenyewe ilikuwa imeshaandikwa kwa majina ya kaka zake wawili tangu baba yao alipofariki, kwa sababu Siok-khim aligonga muhuri wa kuachia fungu lake, kama wafanyavyo mabinti waliolelewa vizuri. Alipogonga aliambiwa ana moyo mkubwa. Moyo mkubwa ukawa ndio urithi wake.

Kisha mama akapata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala. Na paa, ambalo lilikuwa likisubiri wakati mbaya, likaanza kuvuja, na mahali lilipochagua kuvuja ni juu ya kitanda cha mgonjwa. Siok-khim akasogeza kitanda. Tone nalo likahama. Akaweka ndoo pembeni ya mto. Akampigia simu Bun-hiong, ambaye wakati huo alikuwa Taipei akiuza viti vya umeme vya kukanda mgongo na amenenepa vizuri.

"Kaka, paa linavuja juu ya kitanda cha mama."

"Nitaangalia."

Msimu wa mvua uliofuata akapiga tena. "Nitaangalia." Mama akawa anahesabu matone kama mtu anayesikiliza redio. Mwaka mpya Bun-hiong akaja na zawadi: kalenda yenye picha ya kiti cha kukanda mgongo. Mama, ambaye mgongo wake ulikuwa na vidonda vya kulala, alitundikiwa kalenda hiyo ukutani mbele yake ili aone kiti kinavyofanana.

Kaka wa pili, Bun-kiat, aliishi Kaohsiung, na hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu wa aina yoyote. Alikubaliana na yeyote aliyeongea mwisho. Ukitaka akuunge mkono, hakikisha tu wewe ndiye unayefunga mazungumzo.

Mama alipokaribia kufa aliagiza aitwe kaka yake, Mjomba Hok-lai, mzee mfupi mfuga samaki aina ya mwatiko ambaye nguo zake zilinuka bwawa hata harusini. Kwa watu wale mjomba si mgeni wa kukaribishwa chai. Mama akifa, jeneza halipigwi msumari mpaka kaka yake aangalie na aseme sawa. Mama akamwambia, kwa nusu ya mdomo iliyobaki, "Nyumba wasiiuze bila kuniuliza."

Kwa hiyo mbele ya jeneza Mjomba aliwashikisha wapwa zake wawili vijiti vya udi na kuwaapisha. Wakaapa. Bun-hiong aliapa kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu wapiga picha walikuwapo.

Mwaka ulipokaribia kuisha, simu ikalia.

"Tunakuja kwenye kumbukumbu ya mwaka," alisema Bun-hiong. "Nimemwandalia mama kitu. Kitu kikubwa! Watu watasimulia. Na siku hiyohiyo tutamuuliza lile suala, tumalize. Mnunuzi nitakuja naye."

"Mnunuzi wa nini?"

"Siok-khim, usianze."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Upande ule ukasikika mtambo wa kiti ukinguruma. Alikuwa akikandwa huku anaongea.

"Tutaangalia," alisema.

*

Kitu kikubwa kilikuja juu ya lori.

Lilikuwa kasri la karatasi, la ghorofa tatu, lililojengwa kwa fito za mianzi na kubandikwa karatasi za rangi zote anazoweza kuzivumilia mwanadamu. Lilikuwa na roshani, bwawa la kuogelea, gari jeusi mlangoni, viyoyozi kila chumba, na watumishi wawili wa karatasi wenye mashavu mekundu. Ghorofa ya juu palikuwa na kiti cha kukanda mgongo, chenye nembo ya kampuni ya Bun-hiong iliyochapishwa vizuri, namba ya simu ikiwa chini yake.

"Namba ya simu ya nini?" aliuliza Siok-khim. "Unategemea mizimu ipige kuweka oda?"

"Ni ubora," alisema Bun-hiong. Alikuwa amevaa miwani ya jua, na jua halikuwapo. Manyunyu yalikuwa yameanza, na karatasi na manyunyu havipatani, kwa hiyo akaanza kupiga kelele. "Liingizeni ndani! Ndani! Shika huko, we Bun-kiat, usishike roshani!"

Kasri halikupita mlangoni. Ikabidi mlango ung'olewe, bawaba na yote. Mlango ule ule ambao machela ya mama ilikwaruzana nao kila alipopelekwa hospitali, na hakuna aliyefikiria kuung'oa. Wakaliweka kasri katikati ya sebule, likajaa mpaka kichwa chake kikagusa taa. Mvua ikikatika litatolewa uani, lichomwe, moshi umpelekee mama makao mapya. Bun-hiong alizunguka akilitazama, machozi yakimlengalenga. Mara tone la maji likatoka darini, likatua karibu na bwawa la kuogelea.

"Hapa panavuja!" aliruka. "Siok-khim! Panavuja! Leta ndoo!"

Siok-khim akaleta ndoo. Ilikuwa ndoo ileile. Aliiweka chini taratibu, akamtazama kaka yake usoni kwa muda mrefu kidogo, na Bun-hiong akageuka kukagua viyoyozi.

Mke wa Bun-hiong, Be-tsu, aliingia nyuma yao akinyanyua viatu vyake kama sakafu ina ugonjwa. Alikuja na masanduku mawili ya zawadi za marehemu. La kwanza alilifungua mwenyewe: pesa za kuchomwa, rundo juu ya rundo, zenye mraba wa dhahabu.

"Wifi," alisema Siok-khim, "hizi za dhahabu ni za miungu. Wafu wanatumiwa za fedha. Mama amepandishwa cheo lini?"

"Za dhahabu ni ghali zaidi," alisema Be-tsu.

"Na mlango wa gari ni ghali kuliko sahani, lakini hatuli chakula juu yake."

Sanduku la pili lilikuwa na chakula kutoka mgahawa wa Taipei: vipande vya nyama ya ng'ombe vilivyopangwa kama maua. Mjomba Hok-lai, aliyekuwa ameketi pembeni akikausha soksi zake kwa kupepea, akachungulia.

"Dada yangu hajala ng'ombe maisha yake yote," alisema. "Tumelimiwa na ng'ombe. Unamlaje aliyekulimia?"

"Mjomba, hii ni ya Kijapani," Bun-hiong alieleza. "Ng'ombe wa Kijapani hajawahi kumlimia mtu."

"Mh," alisema Mjomba. Bun-kiat naye akasema mh, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Wakapanga mezani mbele ya picha ya mama, iliyopigwa siku ambayo mpiga picha alimwambia atabasamu na yeye hakuona sababu. Mjomba akatoa kwenye mfuko wa shati ile inayoitwa miezi: vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama miezi michanga, kila kimoja bapa upande huu, kimevimba upande ule. Ndiyo simu ya kuongelea na wafu, na haina gharama.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Mmoja ukilala bapa na mwingine umevimba, amekubali. Yote ikivimbisha mgongo juu, amekataa. Yote ikionyesha bapa juu, anawacheka. Na mtu ashike udi, aseme anachosema kwa kunyooka. Hakuna kuropoka. Neno la mwisho mdomoni kabla ya kurusha ndilo swali lenyewe. Mkisema upumbavu atajibu upumbavu."

"Tunajua, Mjomba," alisema Bun-hiong. "Si watoto."

"Ndiyo maana nasema."

Nje, ndani ya gari lenye kiyoyozi kinachovuma, alikaa mnunuzi, Bwana Phua, aliyetaka kubomoa nyumba ajenge mahali pa kuoshea magari. Mbalungi wa uani angeukata kwanza, alishasema. Kila baada ya muda alipiga honi ndogo, ya heshima.

Bun-hiong akawasha udi, akashika miezi. Desturi ni kuuliza kwanza kama marehemu ameshiba, kwa maana huwezi kumpa mtu pesa na nyumba wakati bado ana mfupa mdomoni.

"Mama, umeshiba?"

Migongo yote juu. Hapana.

"Mama, ni nyama ya Kijapani. Umeshiba?"

Bapa zote juu.

"Anacheka," alisema Mjomba.

Siok-khim akainuka, akaingia jikoni, akarudi na bakuli la uji wa mchele na mwatiko, tangawizi kwa wingi, majani ya kotimiri juu, kama alivyompikia kila asubuhi mpaka ya mwisho. Akasogeza ng'ombe wa Kijapani kwa kiwiko, akaweka bakuli. Wakasubiri udi uteremke kidogo. Bun-hiong akarusha. Bapa na mgongo. Ameshiba.

"Bahati tu," alisema Be-tsu.

"Rusha wewe basi, wifi, tuone bahati yako."

Be-tsu akakumbuka ana kucha mpya.

Sasa likaja suala. Bun-hiong alikohoa, akavua miwani, akaanza kwa ile sauti anayouzia viti. "Mama mpendwa. Sisi wanao tumekuletea makao mapya, ghorofa tatu, yana kila kitu. Hii nyumba ya zamani ni ya kizamani, haina hadhi yako. Wewe unahamia kasrini, na hii sisi tunaiuza. Je, unakubali?"

Siok-khim alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, bakuli lingine tupu mkononi, amelishika kama kofia. Hakuwa na muhuri wa kugonga safari hii. Hakuwa na kura. Kila alichokuwa nacho duniani, kitanda, kigoda, jiko, mbalungi, kilikuwa kinakwenda kurushwa sakafuni na mtu aliyeshindwa kununua vigae.

Miezi ikaruka. Bapa juu, bapa juu.

"Anacheka tena," alisema Mjomba.

Bun-hiong akarusha tena, na mama akacheka tena. Akaongeza dau: pamoja na kasri, rundo la pesa za fedha, yote, gunia zima la kazi ya Siok-khim mwenyewe. Migongo juu. Akaongeza gari la pili, litakaloletwa baadaye. Mama akacheka. Ikaanza minong'ono ya kibiashara. Be-tsu alisema labda miezi ina vumbi, ikafutwa. Bun-kiat akasema labda arushe yeye, kwa vile alikuwa kipenzi. Akarusha, ikavimba yote miwili, akasema labda asirushe yeye. Be-tsu akanong'ona kwamba huenda marehemu anataka watumishi zaidi. Bun-hiong akaahidi watumishi, mpishi, dereva, na mtu wa kuosha bwawa. Vicheko. Mtu angepita nje angedhani kuna mnada, na kweli ulikuwapo, ila muuzaji alikuwa amekufa na hakuwa na haraka.

Siok-khim hakucheka. Alimjua mama yake. Hakuwa mtu wa kucheka mara nyingi hivyo, na kadiri alivyocheka ndivyo Siok-khim alivyozidi kuogopa kwamba atachoka, atasema ndiyo ili waondoke. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote.

Honi ikalia. Bwana Phua alitoa mkono dirishani akaonyesha saa.

Hapo Bun-hiong akapandwa na hasira. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, udi unamdondoshea majivu ya moto vidoleni, mkewe anamtazama, mnunuzi anamtazama, na mama yake ukutani anamtazama kwa uso uleule aliokuwa akimtazamia alipoleta kalenda.

"Mama, unataka nini tena?" alipaza sauti. "Kasri kama hili! Mimi mwenyewe sina! Taipei nimepanga! Kama hulitaki sema, nilichukue mimi nihamie humo!"

Na akaibamiza miezi sakafuni.

Mmoja ulizunguka kama sarafu, ukapunguza, ukalala bapa. Mwingine ulikuwa umeshatulia zamani, mgongo juu.

Tone likaanguka ndani ya ndoo.

"Amekubali," alisema Mjomba Hok-lai.

"Amekubali nini?" aliuliza Bun-kiat.

"Alichoulizwa. Kasri ni la kaka yako. Ahamie."

Bun-hiong alikuwa mtu wa sayansi. Alisema hivyo mara kwa mara, hasa akiwa kwenye jengo lililoruka ghorofa ya nne kwa sababu nne kwa lugha yao hutamkika kama kifo. Sasa uso wake ulikuwa na rangi ya karatasi mbichi.

"Mjomba, nilikuwa natania."

"Mama yako hakuwahi kuelewa utani wako alipokuwa bado anausikia kwa masikio. Unadhani kule ameanza?"

"Turushe tena!" alisema Be-tsu. "Turushe tena, ilikuwa hasira tu!"

"Rusheni," alisema Mjomba, akivaa soksi. "Swali moja limeshajibiwa. Linalofuata ni kumuuliza anahamia lini."

Miezi ilibaki sakafuni. Hakuna aliyeinama.

"Basi tulichome haraka liishe," alisema Bun-kiat, ambaye siku hiyo kwa bahati mbaya alipata wazo lake mwenyewe.

"We mjinga!" Bun-hiong alifoka, sauti ikapanda juu kama ya kuku. "Ukilichoma linakwenda kuzimu na mimi ndiye mwenyewe! Nyumba itangulie, halafu? Halafu nini? Watakuja kunichukua nikafungue mlango?"

Wazo la kulitupa jalalani likafa lilipozaliwa, kwa kuwa taka za Madou zinaishia kwenye tanuri. Mtoni lingelowa, likaporomoka, na nani anajua mwenye nyumba anapatwa na nini ikiporomoka. Wakampigia Bwana Gan, alichukue dukani kwake. Siok-khim alimsikia hata kabla simu haijawekwa sikioni: kitu cha wafu kikishasemewa jina la mtu hakirudi rafuni, asante, salamu nyumbani.

Bwana Phua akaja mwenyewe akiruka madimbwi, viatu vinang'aa. "Kuna shida gani? Mkataba ninao hapa. Ondoeni tu hili dubwana."

"Liondoe wewe," alisema Siok-khim kwa upole. "Ni la kaka. Mama amempa leo. Bado hajahamia."

Bwana Phua alilitazama kasri, akawatazama watumishi wenye mashavu mekundu, akamtazama Bun-hiong kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayepima urefu. Kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua, bila kugeuza mgongo, akasema amekumbuka kuna kiwanja kingine upande wa stesheni. Gari likaondoka bila honi.

Siok-khim akaweka bakuli chini. Sauti aliishusha mpaka ikawa ya mhudumu wa hoteli.

"Liache hapa, Kaka. Sebule si inalitosha? Mimi nipo siku zote. Nitalifuta vumbi. Nitafukuza panya."

Bun-hiong alimshika mikono yote miwili. Hakuwa amewahi kumshika hata mmoja. "Utalitunza? Dada yangu! Utalitunza kweli?"

"Nitatunza. Ila unaona mwenyewe." Akanyoosha kidole darini. "Panavuja."

*

Mafundi walifika kabla wiki haijaisha. Walitoka Taipei, na makoti yao yalikuwa na nembo. Wakang'oa paa zima, vigae vyote vilivyooza wakavirundika chini ya mbalungi, wakaweka vipya, na chini yake utando wa plastiki, na juu yake uhakika wa miaka ishirini. Siku iliyofuata akaja fundi umeme akabadilisha nyaya zote, maana Bun-hiong alisoma kwamba nyaya kuukuu huleta moto. Ikaja mitungi ya kuzimia moto, mmoja kila chumba. Likaja jiko jipya lisilo na mwali. Mlango ulirudishwa, mpana zaidi. Fundi alisema bosi ameagiza kuta zikaguliwe nyufa, akauliza mgonjwa yuko wapi.

"Mgonjwa gani?" aliuliza Siok-khim.

"Bosi alisema kuna mtu hapa hatakiwi kupatwa na unyevu."

Siok-khim akamwonyesha kasri.

Aliendelea kukunja vijimtumbwi, akiwa ameegemeza mgongo kwenye gari jeusi la karatasi. Watumishi wawili walihitaji majina, kwa kuwa mtumishi asiye na jina haitiki akiitwa. Alifikiria kumwita mmoja Be-tsu, akajizuia, akaona atunze silaha hiyo kwa siku mbaya. Mjomba alikuja mara kwa mara na mwatiko kwenye mfuko wa plastiki, akaketi, akanukisha nyumba bwawa, akauliza, "Mwenye nyumba hajambo?" Wakacheka mpaka picha ya mama ikaonekana kama inataka kutabasamu, ingawa haikutabasamu.

Kile chumba cha mama kilikauka. Ukuta uliokuwa na ukungu ulipakwa chokaa. Siok-khim alihamia humo, akalala kwenye kitanda kile, na usiku wa kwanza alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kazi yote ile ilichukua siku chache. Siku chache! Mama alisikiliza matone miaka.

Kalenda aliiacha ukutani. Ndoo akaitia karatasi.

Kisha, mchana mmoja wa majira ya kimbunga, mvua ilishuka kwa hasira kiasi kwamba mbalungi haukuonekana kutoka dirishani. Simu ikalia mara moja tu ikawa imeshapokelewa, kwani alikuwa amekaa karibu nayo.

"Siok-khim? Nimeona kwenye taarifa ya habari. Huko mvua ni kubwa sana?" Nyuma ya sauti hapakuwa na mtambo wa kiti, safari hii alikuwa amesimama. "Panavuja? Niambie kweli. Panavuja?"

Siok-khim aliinua macho. Dari ilikuwa nyeupe, kavu, haina hata doa. Juu yake mvua ilipiga ngoma bila kupata pa kuingilia. Swali lile alikuwa amelisubiri msimu baada ya msimu, akiwa ameinama juu ya kitanda na kitambaa mkononi, na lilipofika lilikuwa linaulizia karatasi.

"Nitaangalia," alisema.

Akailaza simu mezani bila kuikata, akaenda jikoni, akaanza kumpaa samaki taratibu, upande mmoja, kisha wa pili. Kutoka sebuleni sauti ndogo ilikuwa ikiita, "Siok-khim? Siok-khim? Umeangalia?" Alikata tangawizi, kwa wingi, akaosha mchele, akatia maji.